Mbuzi wa Kaldi na Asili ya Kahawa

Kiambere, nyanda za chini za Mbeere, ni nchi ya jua, mbuzi na muguka. Kahawa haistawi huku. Arabika inataka baridi ya miinuko, kama ile ya Runyenjes na Manyatta kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Lakini hadithi ya asili ya kahawa ni ya mchunga mbuzi, na mchunga mbuzi wa Kiambere angeielewa upesi.

Inasimuliwa kwamba Kaldi, kijana wa Kaffa nchini Ethiopia, aliwaona mbuzi wake wakirukaruka usiku kucha baada ya kula matunda mekundu ya kichaka fulani. Akawapelekea watawa matunda hayo. Wakayachemsha, wakanywa, wakakesha wakisali.

Je, wajua kwamba hadithi hii iliandikwa mwaka 1671 mjini Roma, na msomi Mmaroni Antonio Fausto Naironi? Yeye aliiweka Yemen, si Ethiopia, na mchungaji wake hakuwa na jina. Wakati huo masufi wa Yemen walikuwa wamekunywa kahawa kwa karibu miaka 200 ili wakeshe katika dhikri. Jina la Kaldi lilikuja baadaye. Yemen kwenyewe kuna simulizi nyingine, ya Sheikh Omar wa Mokha, aliyefukuzwa mjini, akanusurika njaa kwa kula matunda ya mti wa kahawa.

Kinachonivutia zaidi ni kwamba wapo wanaosimulia habari hiyohiyo ya mbuzi kuhusu miraa, ambayo ni mmea mmoja na muguka wa Mbeere. Naiona kuwa hadithi ya watu wa mifugo kila mahali: anayeshinda malishoni hujua mnyama wake amekula nini, na kimemfanya nini.

Libinye tunda la kahawa lililoiva. Chini ya ganda jekundu kuna utelezi mtamu, kisha mbegu mbili zilizolaliana ubapa kwa ubapa. Kafeini imo katika mbegu na majani, na ni silaha ya mmea dhidi ya wadudu. Waganda walizipa mbegu hizo maana yao: waliochanjiana udugu walipakana damu kwenye mbegu mbili za tunda moja, kila mmoja akala ya mwenzake. Hiyo ilikuwa robusta, aina nyingine ya kahawa, na ilitafunwa, haikunywewa.

Sayansi nayo ina simulizi yake. Arabika ni mtoto wa robusta na kahawa nyingine ya mwituni, eugenioides, inayoota katika misitu ya nyanda za juu za Afrika Mashariki. Utafiti wa chembe za urithi uliochapishwa mwaka 2024 unakadiria kwamba mchanganyiko huo ulitokea yapata miaka 600,000 iliyopita, bila mkono wa mtu. Arabika ya mwituni imeonekana Ethiopia, katika uwanda wa Boma nchini Sudan Kusini, na hapa Kenya katika msitu wa Marsabit.

Hata hivyo, kahawa ya mashambani ilitufikia kwa njia ndefu. Wamisionari Wafaransa waliipanda Bura, Taita, mwaka 1893, kwa mbegu za asili ya kisiwa cha Réunion. Walowezi wakaishikilia. Mwafrika alizuiwa kuilima hadi miaka ya 1930, ndipo Meru, Embu na Kisii zikaruhusiwa kwa majaribio, na tena kwa miti michache tu. Dhuluma hiyo nayo ni sehemu ya historia ya kikombe chetu, na watoto wetu wasimuliwe habari zake pamoja na hadithi ya mbuzi wa Kaldi.

Mwaka 1922 uligunduliwa magharibi mwa Kenya ugonjwa wa kahawa unaoozesha matunda yakiwa bado mabichi. Watafiti walipotafuta kinga, waliirudia kahawa ya mwituni. Ruiru 11, aina iliyotolewa kwa wakulima katikati ya miaka ya 1980, ina ndani yake damu ya Rume Sudan, kahawa ya uwanda wa Boma. Msitu wa Marsabit nao tuulinde kwa sababu hiyohiyo: umebeba kahawa ambayo hakuna meli iliyotuletea.