Treni ya kopo: kabla ya kupaka rangi, tuulize



Hapa Kamina mtoto anaijua treni kabla hajajua herufi. Analala akisikia honi yake, anaamka akiuliza kama imeleta samaki wa Bukama. Basi si ajabu kwamba katika kila kartie utaona kijana mdogo anavuta kwa kamba makopo ya sardini yaliyofungwa kwa waya, moja nyuma ya lingine. Wengine wanasema ni mchezo tu. Wengine wanasema ni uchafu, wanatupa shimoni. Wiki hii tunataka kuzungumza juu ya makopo hayo, na zaidi juu ya kuyapaka rangi upya, kwa sababu katika likizo hii tulijifunza jambo kwa kosa letu wenyewe.

Mji wa reli

Tuwakumbushe watoto kwanza. Reli kutoka Lubumbashi ilifika Bukama mwaka 1918. Kutoka Bukama ikaendelea, ikapita hapa kwetu, mwisho ikafika Ilebo mwaka 1928. Mwaka 1956 njia ya Kamina hadi Kabalo ikafunguliwa. Tangu hapo reli zinatoka hapa kwa pande tatu: upande wa Lubumbashi, upande wa Kananga na Ilebo, na upande wa Kabalo. Wazee wengine bado wanasema BCK, ingawa tangu 1974 kampuni ni moja ya taifa, ile tunayoiita leo SNCC.

Kwa hiyo karibu kila nyumba ina mtu wa reli: baba, babu, mjomba au shemeji. Na katika nyumba nyingi mtu huyo alimtengenezea mtoto treni ndogo siku fulani, kwa kopo la mafuta na waya, vifuniko vya chupa vikiwa magurudumu.

Jumamosi ya kosa letu

Mwezi wa saba tuliwakusanya watoto kumi na wawili wa kartie, kila Jumamosi baada ya kufua, chini ya mwembe. Kila mmoja alete treni au gari lake la kopo, tulipake rangi. Rangi tuliomba kwa majirani: mabaki ya rangi ya mlango, ya dirisha, ya kitanda cha chuma.

Mama mmoja mjane, jirani yetu, alitusikia. Akamtuma mtoto wake wa mwisho na treni iliyofungwa katika kitenge. Haikuwa ya sardini. Lokomotive yake ilikatwa kutoka kopo nene la mafuta ya injini, na ilikuwa na wagoni tatu, kila moja na mlango unaofunguka. Marehemu mumewe aliitengeneza wakati alipokuwa akifanya kazi depo. Rangi ilikuwa imebanduka, kutu imekula pembe, vumbi limeingia kila mahali.

Watoto walifurahi sana. Wote walitaka ing'ae. Na sisi, kwa haraka ya kutaka kumfurahisha mama yule, tukawapa karatasi ya msasa, tukasema: sugueni yote hadi chuma kionekane.

Walisugua. Kisha msichana mmoja akasema: «Mwalimu, hapa kuna maandishi.» Tulikimbia. Upande wa kushoto wa lokomotive, chini ya uchafu, kulikuwa na namba nne zilizoandikwa kwa brashi nyembamba, kwa mkono wa mtu anayejua kazi. Mbili zilikuwa zimekwisha kufutika.

Jioni tulikwenda kwake wenyewe, hatukumtuma mtoto. Tulimkuta anamenya karanga. Tukamweleza, tukamwomba msamaha, tukamwahidi kuandika namba ile tena vizuri zaidi. Alikaa kimya, mikono ikiendelea na karanga. Mwisho akasema: «Namba naijua, ningewaambia. Lakini mkono wake, walimu, ninyi mtauandika namna gani?»

Hatukuwa na jibu. Tulirudi nyumbani bila kuzungumza.

Kazi yenyewe

Jumamosi iliyofuata tulianza upya, polepole. Tunawaandikia hapa jinsi tunavyofanya sasa, ili mama anayetaka kujaribu na watoto wake asirudie kosa letu.

Kwanza tunauliza. Nani aliitengeneza? Lini? Kuna namba, jina, alama? Tunaosha kwa maji vuguvugu na sabuni kidogo, kwa kitambaa laini, na kutazama juani pande zote kabla ya kugusa msasa. Mtoto anachora katika daftari kile alichoona, na rangi zake. Kama mwenye kitu anasema sehemu fulani isiguswe, haiguswi.

Pili tunaondoa rangi inayobanduka tu. Tahadhari hapa, wamama! Rangi za zamani za mafuta nyingi zina risasi, na hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa salama kwa mtoto. Vumbi lake linaingia mdomoni na puani, linadhuru akili ya mtoto anayekua. Kwa hiyo hatusugui tena rangi ya zamani kikavu. Mtu mzima ndiye anayesugua, kwa msasa uliolowa maji, nje, juu ya gazeti, kisha gazeti linafungwa na kutupwa pamoja na uchafu wake. Haliunguzwi jikoni. Mama mwenye mimba akae mbali. Mikono ioshwe kabla ya kugusa bukari.

Tatu ni rangi ya kuzuia kutu. Bila hiyo, kutu itarudi mvua ya kwanza, na kazi yote imepotea. Kipande kikauke usiku mzima.

Nne ni rangi yenyewe. Iwe nyepesi kama maziwa, isiwe nzito kama uji. Mara tatu nyembamba ni bora kuliko mara moja nene, kwa sababu rangi nene inatiririka na kuficha milango na misumari. Esansi ya kusafisha brashi inashikwa na mtu mzima, mbali na babula. Katika kiangazi vumbi letu jekundu linaruka na kushika rangi mbichi, basi tunafunika treni kwa beseni lililowekwa juu ya mawe matatu, hewa ipite chini.

Tano ni namba na mistari. Tunakata umbo la namba katika jalada la daftari kuukuu, tunaliweka juu ya chuma, tunagusagusa kwa kipande cha sponji ya godoro chenye rangi kidogo sana. Ukiweka nyingi inaingia chini ya jalada na namba inavimba.

Mwisho, wale wanaopenda treni ifanane na ya kweli wanaichafua tena kwa akili: unga wa makala mahali moshi unapotokea, vumbi la tofali karibu na magurudumu. Watoto wetu walishangaa kwamba mtu anaweza kusafisha kitu kwa wiki tatu kisha akakichafua. Tukawapeleka barabarani, mahali pa salama mbali na reli, watazame treni ikipita. Mmoja akasema: «Kweli, chini ni nyekundu, juu ni nyeusi.» Alikuwa ameiona treni maisha yake yote, lakini siku ile ndipo alipoitazama.

Neno moja zaidi. Hakuna kipande cha treni ya mchezo kinachotoka kwenye reli ya kweli. Msumari au skrubu iliyolegezwa pale inaweza kuua watu. Na hakuna mchezo juu ya reli. Mtoto asiyekubali hayo hakai nasi.

Hesabu ndani ya kopo

Sisi walimu hatukuweza kuacha nafasi hii ipite. Kwenye reli zetu, kutoka chuma hiki hadi kile ni milimita 1067. Zamani njia za upande wa Kabalo zilikuwa na milimita 1000. Tofauti ni milimita 67 tu, upana wa vidole vinne, lakini kwa vidole vinne hivyo wagoni ya huku isingeweza kupita kule. Ndiyo maana mwaka 1955 njia zile zilipanuliwa, na mwaka uliofuata tukaunganishwa.

Tukapima treni ya marehemu. Kati ya gurudumu na gurudumu ni sentimita 5. Gawanya 1067 kwa 50, unapata karibu 21. Basi kila kitu kiwe kidogo mara 21. Mtu wa mita 1 na sentimita 70 atakuwa wa sentimita 8, sawa na mwanasesere wa gunzi la muhindi. Na kopo la sardini lenye sentimita 10, likikuzwa mara 21, ni wagoni ya mita mbili! Watoto walicheka: ng'ombe gani ataingia humo? Lakini wagoni za marehemu zilikuwa ndefu, karibu na kipimo cha kweli. Ndipo walipoelewa kwamba mtu yule alikuwa amepima kabla ya kukata.

Si mchezo wa watoto peke yao

Mama mmoja alituuliza kama tunawafundisha watoto uvivu. Tunamjibu kwa heshima. Ulaya na Marekani kuna watu wazima, wenye mvi, wanaofanya kazi hii jioni baada ya kazi nyingine. Kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilianza kuuza treni ndogo zenye reli zake mwaka 1891. Kipimo kinachopendwa zaidi leo ni cha kugawanya kwa 87, mtu anakuwa wa sentimita 2 tu. Wengi hawaridhiki na rangi ya dukani. Wanaiondoa, wanapaka ya njia iliyopita katika mji wao wenyewe, wanaandika namba waliyoiona utotoni. Wana pampu ndogo za kupulizia rangi, sisi tuna sponji ya godoro. Lakini wanachokitafuta, tunakijua.

Na kwetu Kongo, Bodys Isek Kingelez, aliyezaliwa mwaka 1948, alikuwa mwalimu kabla ya kuacha chaki. Alitengeneza vitu vilivyoharibika katika makumbusho ya taifa kule Kinshasa, kisha akajenga miji mizima midogo kwa karatasi, katoni na vifuniko vya chupa. Mwaka 1989 kazi yake ilionyeshwa Paris. Mwaka 2018, miaka mitatu baada ya kufa kwake, jumba la makumbusho la MoMA kule New York lilimfanyia maonyesho makubwa. Hatusemi kila mtoto wa Kamina atafika New York. Tunasema tu, usitupe kopo shimoni kabla ya kutazama kilichomo.

Upande wa kushoto

Treni ya mjane je? Tulimrudishia chaguo mwenyewe. Alikuja Jumamosi ya tatu, akaketi kwenye kiti tulichomletea, akaigeuza mkononi muda mrefu. Akasema: «Upande wa kulia, pakeni. Wa kushoto, acheni ulivyo.»

Ndivyo tulivyofanya. Upande wa kulia sasa unang'aa. Upande wa kushoto una rangi yake ya zamani, alama za msasa wetu, na namba mbili za marehemu zilizobaki. Tulipaka juu yake verni isiyo na rangi tu, ili kutu isiendelee. Zile mbili zilizofutika hatukuziandika. Shemeji yake hakupenda. Alisema kitu nusu kipya nusu kuukuu ni aibu mbele ya wageni. Mama akamjibu: «Anayetaka mpya atazame kulia.»

Lakini tunachotaka kuwaambia zaidi ni hiki. Wakati watoto walipokuwa wakipaka, mama yule alianza kuwaeleza jinsi mumewe alivyokuwa akiunganisha wagoni usiku, taa mkononi, jinsi alivyorudi na harufu ya grisi ambayo sabuni haikuiondoa, na kwa nini milango ya treni ile inafunguka: mtoto wao wa kwanza alilia akitaka kupakia karanga. Mtoto wa mwisho alikuwa ameketi pale, brashi mkononi. Alikuwa mdogo sana baba yake alipokufa. Alituambia baadaye kwamba habari ile ya karanga hakuwahi kuisikia.

Basi wamama, kama kuna treni ya kopo chini ya kitanda chenu, au gari, au baiskeli ya waya, itoeni mwisho wa juma hili. Msianze na rangi. Mpeni mtoto aishike, kisha mwelezeni nani aliitengeneza. Rangi itangoja hadi Jumamosi.