Interferoni: Mbiu ya Mgambo Mwilini

Wahenga walinena kuwa mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Methali hii yafaa kueleza interferoni, yaani protini ambazo mwili hutoa pindi unapovamiwa na virusi. Protini hizi ziligunduliwa jijini London mwaka 1957 na Alick Isaacs na Jean Lindenmann.

Umuhimu wa mada hii unadhihirika Kakuma, kambi ya wakimbizi iliyoanzishwa Turkana mwaka 1992. Utafiti uliofanywa huko na Dadaab kati ya 2007 na 2010 uliwakuta wagonjwa wengi wa mfumo wa upumuaji wakiwa na virusi, vikiwemo adenovirusi, RSV na influenza.

Virusi vinapoingia katika seli ya pua au koo, seli hiyo huitambua chembe ya urithi ya mgeni na kutoa interferoni. Interferoni haziui virusi; kazi yake, kama ya mbiu, ni kutangaza. Seli jirani zikipata habari hujihami kwa kusitisha utengenezaji wa protini ambazo virusi huhitaji ili vizaane. Hayo hutukia katika muda wa saa chache, ilhali kingamwili mahususi huchukua siku kadhaa kuundwa.

Hata hivyo, influenza na RSV zina protini za kuiziba mbiu hiyo. Ikichelewa kulia, virusi huongezeka na kushuka mapafuni. Watoto wachanga, ambao njia zao za hewa ni nyembamba, huathirika zaidi.

Hapa ndipo lugha inapohusika. Katika zahanati za Lodwar na Kakuma, Kiswahili huwaunganisha wasemaji wa Kiturkana, Kisomali, Kidinka na lugha nyingine. Neno “homa” nchini Kenya humaanisha joto la mwili na pia mafua yenyewe. Mzazi asiyetofautishiwa maana hizo anaweza kudai antibiotiki, dawa ambazo huua bakteria wala si virusi. Akielezwa kuwa joto hilo kwa sehemu ni athari ya mbiu ya mwili, ataelewa. Lakini ni sharti aelezwe pia kwamba mtoto anayehema kwa kasi au kubonyea kifua anapovuta pumzi apelekwe hospitalini mara moja. Mbiu ikishalia, ajizi ni nyumba ya njaa.