Mlezi wa Wanafunzi Kamango: Kazi Inayoanzia Kwenye Daftari la Mahudhurio (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulisoma sheria. Tuliona kwamba Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, kifungu cha 43, inafanya elimu ya msingi katika shule za serikali kuwa ya lazima na ya bure, na kwamba ahadi hiyo ilianza kutimizwa Septemba 2019. Mlango wa darasa umefunguliwa. Leo tuulize swali linalofuata: mtoto aliyeingia kwa mlango huo akitoweka katikati ya mwaka, ni kazi ya nani kwenda kumtafuta?

Kwa majirani kazi hiyo ina jina. Nchini Kenya, ripoti ya kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 ilihimiza ushauri na maelekezo kwa wanafunzi mashuleni. Tanzania wanasema unasihi, na mwanafunzi anajua mwalimu mlezi wake ni nani. Marekani, chama cha washauri wa shule kinapendekeza mshauri 1 kwa wanafunzi 250. Kwetu, kuanzia Butembo na Beni hadi Kamango, katika shule nyingi za msingi kazi hiyo haina kiti wala mshahara wake. Imegawanywa vipandevipande: kidogo kwa direkta wa shule, kidogo kwa mwalimu wa darasa, kidogo kwa kamati ya wazazi. Chungu cha wapishi wengi kina hatari yake: kila mmoja hudhani mwenzake ameshatia chumvi.

Hoja yangu ni moja. Kumsaidia mwanafunzi hakuanzi na maneno ya kufariji. Kunaanza na daftari la mahudhurio, pale mwalimu anapoita jina na kimya kikajibu. Anayekiacha kimya hicho kipite amepoteza nusu ya kazi kabla hajaianza.

Ili tuelewe kwa nini daftari lina uzito huo Kamango, turudi nyuma kidogo. Mji huu wa Watalinga uko mashariki ya Beni, karibu na soko la mpakani la Nobili, na mto Lamia ndio unaotutenga na Uganda. Tarehe 11 Julai 2013 waasi wa ADF waliuvamia. Kwa siku chache watu zaidi ya 60,000 walivuka kuingia wilaya ya Bundibugyo. Wengi walipokelewa Bubukwanga, na baadaye baadhi yao wakahamishiwa makazi ya wakimbizi ya Kyangwali, karibu na Ziwa Albert. Siku ya Noeli ya mwaka huohuo Kamango ikashambuliwa tena. Na tarehe 22 Machi 2014 mashua iliyobeba wakimbizi waliotoka Kyangwali kurudi nyumbani ilizama ziwani. Watu zaidi ya 100 walikufa, wengi wao watoto.

Hesabu hizo zilitangazwa redioni. Ambayo haikutangazwa ni hesabu ya madaftari: darasa lenye majina 50 linarudi na watoto 20, na mwalimu hajui wale 30 wamehamia shule nyingine, wako shambani, wamechukuliwa porini au wamezikwa. Kwenye ukurasa wote wanafanana. Wote ni watoro.

Sasa tumchukue mtoto mmoja wa mfano. Tumwite Muhindo, jina ambalo huku hupewa mvulana au msichana. Muhindo alivuka Lamia akiwa mdogo, akasoma upande wa Uganda mpaka darasa la tano, kisha familia ikarudi. Direkta anamwandika darasa la ngapi?

Swali linaonekana dogo mpaka ulifungue. Shule ya msingi ya Uganda ina miaka 7, yetu ina 6, kwa hiyo darasa la tano la kule si lile la huku: huku mwaka unaofuata ni wa mtihani wa taifa. Mwaka wa masomo wa Uganda huanza Februari, wetu Septemba. Akirudi Januari, anatua katikati ya safari ambayo wenzake waliianza zamani. Kule, kuanzia darasa la nne, masomo hutolewa kwa Kiingereza. Huku madarasa ya kwanza hutumia Kiswahili, kisha Kifaransa kinashika usukani. Muhindo anajua kugawanya sehemu, lakini anajua kwa Kiingereza. Akiulizwa kwa Kifaransa ananyamaza, na mwalimu mwenye haraka anaandika kwamba mtoto ni mzito wa akili. Tena hana buleteni, ile karatasi ya alama zake. Begi lilibaki njiani.

Hapa ndipo utaalamu unapohitajika, na hauhitaji jengo. Mlezi wa wanafunzi angempima Muhindo mara mbili: hesabu peke yake, lugha peke yake. Angempa zoezi la namba bila maneno, akaona kwamba mtoto anaweza. Angemwomba asimulie jambo kwa Kiswahili, akaona kwamba anapanga mawazo. Angemwandika darasa linalolingana na akili yake, akamtafutia mwenzake wa dawati wa kumnong'onezea Kifaransa. Angemwandikia direkta karatasi ya kueleza kwa nini buleteni haipo. Na kama umri umempita sana, angempeleka kwenye kituo cha kufidia masomo, ambako miaka 6 ya shule ya msingi hukusanywa katika 3. Bila mtu huyo, Muhindo hurudishwa darasa la pili, anakaa na watoto wanaomfikia kiunoni, na kabla ya Pasaka amekwisha kuondoka.

Ataenda wapi? Kamango jibu halihitaji kutafutwa mbali. Hii ni nchi ya kakao. Mwaka 2024 bei ya tani moja katika soko la dunia ilipita dola 10,000, na hata sehemu ndogo ya bei hiyo iliyomfikia mkulima ilitosha kumtoa mtoto darasani wakati wa mavuno. Mtoto wa namna hiyo hafukuzwi wala hafungiwi mlango, anapungua tu. Jumatatu hayupo, Ijumaa hayupo, kisha juma zima. Daftari linaeleza habari hiyo mapema kuliko mzazi atakavyokiri. Mlezi anayelisoma vizuri hutoka siku ya tatu, si mwezi wa tatu. Na akifika nyumbani haanzi na lawama. Huanza hivi: "Mama, habari ya nyumba? Tumekuja kwa sababu mtoto wetu ametukosesha raha shuleni." Neno "wetu" hufungua mlango ambao neno "wako" lingeufunga.

Liko jambo la pili, nalo ni zito zaidi. Kwenye daftari wako pia watoto waliopo lakini hawapo. Mmoja wao anakaa dirishani akitazama barabara. Anashtuka pikipiki ikitoa moshi kwa mlio kama wa risasi. Analala darasani kwa kuwa usiku halali. Katika shule zetu mtoto huyu hufika kwanza kwa anayesimamia nidhamu, na hapo ndipo mambo huharibika: kiboko hakitibu hofu, huifundisha kujificha. Mtu mmoja hawezi kushika adhabu mkono wa kulia na siri mkono wa kushoto. Mtoto ataona mkono wa kulia tu.

Mwongozo wa huduma ya kwanza ya kisaikolojia uliotolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2011 umejengwa juu ya vitendo vitatu: angalia, sikiliza, unganisha. Haumgeuzi mwalimu kuwa daktari. Unamtaka aone mabadiliko, asikilize bila kumlazimisha mtoto kusimulia aliyoyaona, na amkabidhi kwa anayeweza zaidi, kwa mfano kituo cha afya. Watoto wengi hutulia wakipata mtu wa kuaminika na siku yenye utaratibu: kengele, masomo, mchezo, kurudi nyumbani. Wachache hawatulii, na kuwatambua hao wachache ndiyo kazi. Wazee husema mtu wa kuambiwa siri awe na kifua. Mlezi asiye na kifua, anayesimulia habari za mtoto kwenye mkutano wa wazazi, afadhali asiwepo.

Utaniuliza: nani atalipwa kwa haya, wakati wako walimu ambao hata kwenye orodha ya mishahara ya serikali hawajaandikwa, wale tunaowaita N.U.? Ni kweli, na sitaki kumbebesha mwalimu mwenye njaa mzigo mwingine kwa jina la wito. Ndiyo maana sianzi na kudai ofisi. Naanza na mambo matatu ambayo kamati ya wazazi na direkta wanaweza kukubaliana: mwalimu mmoja apunguziwe vipindi ili alisome daftari kila Ijumaa, asiwe yuleyule wa nidhamu, na katika daftari iongezwe safu moja mbele ya kila alama ya kutokuwepo, yenye kichwa "Yuko wapi?"

Safu hiyo itabaki tupu mara nyingi. Lakini safu tupu yenye swali si sawa na alama ya mtoro. Alama inafunga habari ya mtoto. Swali linamdai mtu mzima jibu, na litaendelea kumdai kila Ijumaa mpaka atakapovaa viatu na kwenda kuuliza.

Juma lijalo, katika sehemu ya tatu, tutazungumzia watoto waliorudi kutoka porini baada ya kutekwa: jinsi darasa linavyowapokea, na jinsi jina baya linavyowatangulia kufika shuleni.