Je, Wajua? Diski Kubwa Huweza Kurithi Mipaka ya Diski Ndogo

Diski ngumu, yaani chombo ambamo kompyuta huhifadhi mfumo endeshi, programu na kazi za mwenyewe hata umeme unapozimwa, imeundwa kwa sahani za duara zilizopakwa utando wa sumaku, ambazo kwa kawaida huzunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika huku vichwa vya kusoma na kuandika vikielea juu yake kwa umbali mdogo mno kuliko unene wa unywele. Diski ya kwanza ya aina hiyo ilitolewa na kampuni ya IBM mwaka 1956, ikiwa na sahani 50 na uwezo wa takriban megabaiti 4 tu. Pamoja na ukuaji wote uliofuata, hadi leo diski yenyewe haijui faili ni nini. Inachokijua ni sekta, yaani vipande vyenye ukubwa maalumu, ambao kwa miongo mingi ulikuwa baiti 512, kila kimoja kikiwa na namba yake. Majina ya faili na mpangilio wa folda ni kazi ya mfumo endeshi, ambao nao huandika kumbukumbu zake katika sekta hizohizo.

Kwa sababu hiyo, kunakili faili ni jambo moja na kunakili diski ni jambo jingine. Anayehamisha faili zake pekee huacha nyuma programu fupi inayoiwezesha kompyuta kuwaka, na pia orodha zinazoeleza kila kitu kinaanzia sekta ipi, hivyo diski yake mpya itahifadhi nyaraka lakini haitawasha mashine. Njia ya nakala pacha husoma diski ya zamani kuanzia sekta ya kwanza hadi ya mwisho na kuandika kila sekta mahali penye namba ileile katika diski mpya. Amri iitwayo dd, iliyomo katika mfumo wa Unix tangu miaka ya 1970, hufanya hivyo bila kuuliza yaliyomo ni nini, na kwa mwendo wa megabaiti 100 kwa sekunde, diski ya gigabaiti 500 huhitaji takriban saa 1 na dakika 23. Kwa kuwa haibagui, hubeba pia mabaki ya faili zilizokwisha kufutwa, jambo ambalo wachunguzi wa makosa ya jinai hulithamini sana.

Zipo programu zenye ujuzi zaidi, ambazo huusoma mpangilio wa faili na kunakili sehemu zinazotumika tu. Mojawapo ya zilizovuma ni Ghost, iliyobuniwa na Murray Haszard huko Auckland, New Zealand, mwaka 1995, kisha ikanunuliwa na kampuni ya Symantec mwaka 1998.

Ugumu wa nakala pacha umo katika uaminifu wake. Sekta ya kwanza ya diski iliyopangwa kwa utaratibu wa zamani hubeba jedwali la baiti 64 lenye nafasi nne, kila moja ikieleza patisheni moja, yaani sehemu ya diski inayohesabiwa kama diski inayojitegemea, inaanzia wapi na ina sekta ngapi. Diski ya gigabaiti 500 inaponakiliwa katika diski ya terabaiti 2, jedwali hilo huhamia bila kubadilika hata tarakimu moja, na mwenye kompyuta huona gigabaiti 500 zilezile, mithili ya mtu aliyeongezewa shamba huku hati yake ikiendelea kutaja mipaka ya awali. Nafasi iliyobaki haijapotea, bali inangoja patisheni irefushwe, kazi ambayo mara nyingi hukwamishwa na patisheni ndogo ya kurejeshea mfumo iliyokaa baada ya ile kubwa, ambayo sharti isogezwe kwanza.

Urithi huo una kikomo kingine kisichorefushika. Jedwali la zamani huandika idadi ya sekta kwa biti 32, kwa hiyo haliwezi kuhesabu zaidi ya sekta 4,294,967,296, ambazo kwa baiti 512 kila moja hufikia takriban terabaiti 2.2. Diski ya terabaiti 4 iliyorithi jedwali hilo kwa sekta za ukubwa huo hubaki na karibu nusu yake isiyofikika, mpaka igeuzwe kutumia utaratibu mpya wa GPT, unaohesabu kwa biti 64. Hata GPT ina sharti lake: huweka nakala ya akiba ya jedwali katika sekta za mwisho kabisa, na baada ya kunakili, mwisho wa diski ya zamani huwa katikati ya diski mpya, hivyo nakala hiyo lazima ihamishwe.

Diski iliyoanza kuharibika huhitaji uangalifu mkubwa zaidi, kwa maana kila jaribio la kusoma sekta mbovu huweza kuongeza madhara. Programu ya ddrescue, iliyoandikwa na Antonio Díaz Díaz, huokoa kwanza maeneo yanayosomeka kwa urahisi, huweka kumbukumbu ya yaliyoshindikana, kisha hurudi kwenye sekta ngumu baadaye, na mpangilio huo ndio wenye busara, kwani diski ikifa katikati ya kazi, sehemu kubwa ya data huwa imekwisha kuokolewa.

Anayekusudia kufanya kazi hii ahakikishe kuwa diski mpya haipungui ya zamani hata kwa sekta moja, maana diski mbili za watengenezaji tofauti huweza kutangazwa kwa ukubwa mmoja na bado zikatofautiana kidogo. Athibitishe mara mbili ipi ni chanzo na ipi ni lengo, kwa kuwa kuzibadilisha hufuta kila kitu. Aichomoe ya zamani kabla ya kuwasha kompyuta, kwa sababu pacha hao hubeba utambulisho mmoja unaoweza kuuchanganya mfumo. Na asiifute mpaka ile mpya iwashe kompyuta yenyewe na faili zake zifunguke.