Mafuta ya Nyama Hutoka Kwenye Hori

Chukueni nguruwe wawili, mmoja aliyelishwa mihogo na mwingine aliyelishwa mashudu ya alizeti kwa wingi. Wakichinjwa siku moja, mafuta yao hayafanani. Ya yule wa mihogo huganda yakawa meupe na magumu. Ya yule wa mashudu huwa laini na yenye kuteleza. Wengi husema ni mbegu ya nguruwe. Mbegu inachangia, lakini chakula kina nguvu zaidi.

Nguruwe, kama kuku na kama sisi wanadamu, ana tumbo moja. Mafuta anayokula huwekwa mwilini mwake bila kubadilika sana. Akila wanga mtupu, yaani mihogo na viazi, mwili wake wenyewe huugeuza kuwa mafuta, na sehemu kubwa ya hayo ni ya aina ngumu.

Kwa ng'ombe na mbuzi mambo ni mengine. Wanyama wanaocheua wana tumbo kubwa la kwanza lenye vijidudu vingi mno. Hivyo huyageuza mafuta laini ya majani kuwa magumu kabla mwili wa mnyama haujayapokea. Ndiyo maana mchuzi wa mbuzi ukipoa hugandia mdomoni, hata kama mbuzi mwenyewe alikula majani mabichi maisha yake yote. Kidogo huponyoka: nyama ya ng'ombe wa malisho ina omega-3 zaidi ya ile ya ng'ombe aliyenoneshwa kwa nafaka, ingawa kipimo chenyewe ni kidogo.

Jambo hili lilichunguzwa hapa hapa Afrika Mashariki. Michael Crawford, mwanasayansi aliyefanya kazi Makerere, Uganda, miaka ya 1960, alilinganisha nyama ya wanyama wa porini na ya ng'ombe wa kufugwa, akatoa matokeo katika jarida la tiba The Lancet mwaka 1968. Nyama ya porini ilikuwa na mafuta machache, na katika hayo machache sehemu ya yale laini ilikuwa kubwa. Sababu moja ni hii: mafuta yanayojenga nyama yenyewe ni laini, bali yale ya akiba, meupe ya pembeni, ndiyo magumu. Mnyama akinoneshwa bila kutembea, akiba huongezeka. (Ndugu wa Liparamba msitunukuu vibaya, Pori la Akiba liko jirani, na kuwinda bila leseni ni kosa.)

Kwa nini tuhangaike? Mafuta magumu yakizidi huongeza kolesteroli katika damu, mishipa huziba polepole, na mwisho wake ni ugonjwa wa moyo au kiharusi. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilishauri mafuta hayo yasizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata katika chakula. Kwa mtu mzima anayehitaji kalori 2,000 kwa siku, hizo ni gramu 22 hivi. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya nguruwe kina gramu 5. Baba anayekula kitimoto jioni, na mboga ya mchana iliungwa kwa mafuta ya kopo lile lile, hufika huko bila kujua. Wala mawese si kimbilio: karibu nusu yake ni mafuta magumu, japo yametoka kwenye mti.

Mtoto mdogo tusimnyime mafuta, anayahitaji akue. Ila omega-3 tusiisubiri ipitie kwa nguruwe. Usipa wa ziwani wanayo, kwa kuwa hula viumbe vidogo vya majini ambamo mafuta hayo huanzia, na usipa mkavu hupanda hadi masoko ya Mbinga.

Kwa mfugaji: matembele na majani mengine yaongezwe horini, na nguruwe achinjwe kabla hajajaa mafuta. Asiachwe azurure, maana akila kinyesi cha watu hupata lava wa tegu, na hapo hatari si mafuta tena. Anayemlisha mabaki ya usipa aache wiki kadhaa kabla ya kuchinja, la sivyo nyama itanuka samaki na mafuta yake yataharibika upesi.