Kugawa, kutenga au kupangia anwani: matumizi katika seva bapa

Seva bapa ni kompyuta nyembamba ichomekwayo pamoja na nyingine ndani ya kasha moja, linalozipa zote umeme, upepo wa feni na njia ya mtandao. Jina limetokana na bapa, yaani upande mpana wa upanga au kisu. Waandikao "seva wembe" wamefasiri makali, ilhali kinachokusudiwa ni umbo.

Kila seva ya namna hii huwa na anwani zaidi ya moja. Mojawapo, anwani ya IP ya usimamizi, ni ya kijikompyuta kilichomo ndani yake, ambacho humwezesha fundi kuiwasha au kuizima seva akiwa mbali, hata mfumo endeshi ukiwa umekwama.

Je, anwani hiyo hugawiwa, hutengwa au hupangwa? Kugawa ni kutoa mafungu, bila kusema nani amepata lipi. Kutenga ni kuweka kando kwa kusudi maalumu: msimamizi hutenga anwani 16, tuseme 192.0.2.11 hadi 192.0.2.26, kwa kasha la HP c7000 lenye seva 16. Kupangia ni kuamua ipi iende wapi, kama mwalimu apangiwavyo kituo cha kazi. Kwa hiyo anwani hutengwa kwanza, kisha hupangiwa.

Lakini hupangiwa nini? Hapa ndipo tafsiri nyingi huharibika. Katika kasha la c7000, msimamizi aweza kuipangia anwani sehemu ya kuchomekea. Seva ikichomolewa na nyingine ikachomekwa, ile mpya huirithi anwani ya iliyoondoka. Katika mfumo wa Cisco UCS, anwani yaweza kupangiwa seva yenyewe, au wasifu wa huduma, na wasifu ukihamishiwa seva nyingine, anwani huhama nao.

Sasa tazama sentensi "Imepangiwa 192.0.2.15." Seva ni ya ngeli ya I-ZI, nafasi pia. Msomaji hawezi kujua ni ipi. Fundi aaminiye kwamba anwani hiyo ni ya seva fulani, kumbe ni ya nafasi, aweza kutoa amri ya kuzima na kukata umeme wa seva ya idara nyingine iliyochomekwa pale jana. Ndiyo maana twapendekeza tundu badala ya nafasi, kwa kuwa upatanisho hutenganisha: "Tundu la 5 limepangiwa 192.0.2.15", "Seva imepangiwa…", "Wasifu umepangiwa…". Hata hivyo, nomino yenyewe isidondoshwe, hasa katika maonyo na vichwa vya majedwali.

Kuhusu tahajia, anwani na anuani hutumika zote. Mfasiri achague moja na kuishika katika andiko zima.