Paka Mkubwa Mweusi wa Mashambani: Ni Mnyama Gani Huyu?

Kila baada ya miezi kadhaa, katika nchi za juu kuanzia Nyandarua hadi Laikipia, na kwenye miteremko ya Mlima Kenya, hutokea habari ya namna moja. Mtu ameamka alfajiri kwenda kukamua, au anarudi kutoka sokoni jioni kwa baiskeli, na ghafula anaona mnyama mweusi kama masizi akivuka njia; mkubwa kuliko paka, mwembamba kuliko mbwa, tena mwenye mwendo wa kunyata. Kabla ya saa nne habari imekwisha fika mahali pa kupimia maziwa. Mmoja asema ni chui. Wa pili ajibu kwamba chui ana madoadoa, na asiye na madoadoa si chui. Wa tatu asema hakuwa mnyama hata kidogo, bali ni kitu kilichotumwa na mtu. Naye yule aliyeona kwa macho yake, akiisha kuchekwa na wenziwe, hunyamaza. Mpaka siku mbuzi wanapopotea, ndipo wote wanapoyakumbuka maneno yake.

Jambo hili linastahili kuchunguzwa kwa makini kuliko linavyofanyiwa, maana jibu lake linagusa mfuko wa mkulima na usalama wa watoto waendao shule kabla ya mapambazuko.

Kwanza na ijulikane wazi kwamba chui mweusi yuko, tena yuko Kenya. Katika mwaka wa 2018, wataalamu wa San Diego Zoo ya Marekani walikuwa wakifanya kazi ya kuwachunguza chui katika hifadhi ya Loisaba, kaunti ya Laikipia. Walisikia habari kwamba chui mweusi ameonekana upande fulani. Hawakuzicheka habari hizo. Waliongeza kamera zao katika sehemu hizo, yaani zile kamera zinazofungwa penye mapito ya wanyama, ambazo hujipiga picha zenyewe kila kiumbe kipitapo. Kati ya Februari na Aprili mwaka huo walimpata: chui jike, kijana bado, mweusi mwili mzima. Mara moja alionekana pamoja na chui mkubwa zaidi mwenye rangi ya kawaida, ambaye alidhaniwa kuwa ni mama yake.

Habari hizo zilipotangazwa mwanzoni mwa mwaka 2019, magazeti ya ng'ambo yalizipokea kwa kelele nyingi, kwa kuwa ushahidi uliokuwa ukitajwa zaidi hapo nyuma ni picha ya mwaka 1909 kutoka Addis Ababa. Wenyeji wa Laikipia na Nyandarua, nadhani, walitabasamu kidogo kusikia kwamba mnyama waliyekuwa wakimsimulia kwa miaka mingi sasa amegunduliwa.

Lakini mtu atauliza, yawezekanaje mama mwenye madoadoa azae mtoto mweusi? Hapa mfugaji ataelewa upesi kuliko karani. Wenye kufuga ng'ombe wa Friziani wanajua kwamba pengine ng'ombe mweusi kwa mweupe, aliyepandwa na fahali mweusi kwa mweupe, huzaa ndama mwekundu kwa mweupe. Wala si ajabu, na hakuna fahali wa jirani aliyeruka ua. Ni kwamba wazazi wote wawili walikuwa wameuchukua ule wekundu ndani ya damu yao bila kuonekana, na ndama akaurithi kutoka pande zote mbili. Kwa chui mambo ni yale yale, ila rangi iliyofichika ndiyo nyeusi. Chui wawili wa madoadoa, kila mmoja akiwa ameuchukua weusi uliofichika, huweza kupata mtoto mweusi mmoja katika kila wanne, kwa hesabu ya kukadiria. Naye chui mweusi akizaana na mweusi mwenziwe, watoto wote huwa weusi.

Kwa hiyo chui mweusi si taifa jingine la mnyama, wala si mkali kuliko ndugu zake. Hata madoa yake hayakufutika. Ukimwona juani kwa karibu (jambo nisilomshauri mtu kulitafuta) utayaona madoa meusi juu ya weusi, kama maua ya kitambaa cha hariri. Katika picha za usiku zinazopigwa kwa mwanga ule usioonekana na macho yetu, madoa hayo hutokea dhahiri kabisa.

Wataalamu wamekadiria kwamba chui weusi ni kama 11 katika kila 100 ulimwenguni, lakini hawakugawanyika sawasawa. Wengi wako katika misitu minene yenye mvua ya Asia. Katika rasi ya Malaya karibu chui wote ni weusi. Katika Afrika ni wachache sana. Inadhaniwa kwamba rangi nyeusi humsaidia mwindaji katika kivuli cha msitu, na jambo hili lapatana vizuri na misitu ya Nyandarua iliyojaa ukungu. Walakini Laikipia ni nchi kavu ya vichaka na miamba, na bado chui weusi wanazaliwa huko na kukua.

Sasa tufikie jambo ambalo wengi hulisahau. Si kila mweusi mwenye umbo la paka ni chui. Milima ya Nyandarua inasifika pia kwa mondo weusi. Mondo wa kawaida ni yule paka wa porini mwenye rangi ya manjano na vidoa vyeusi, miguu mirefu, na masikio makubwa yasimamayo kama ya popo. Naye pia huzaliwa mweusi mara kwa mara, hasa katika nchi za juu zenye baridi. Mimi naona kwamba katika sehemu za mashamba, wengi wa hao "chui weusi" wanaosimuliwa ni mondo.

Mtu asikitegemee kimo ili kuwapambanua. Mondo kwa ajili ya miguu yake mirefu husimama karibu futi 2 begani, na chui jike hamzidi sana. Uzito ndio ulio mbali: mondo mkubwa ana kilo 18, ambapo chui dume huweza kufika kilo 60 na kuzidi. Lakini nani atampima? Afadhali kutazama mkia na kichwa. Mkia wa chui ni mrefu, wa futi 2 na zaidi, na mara nyingi ameukunja ncha yake kuelekea juu anapotembea. Mkia wa mondo ni mfupi, wafika nusu ya mguu tu. Kichwa cha chui ni kizito, na masikio yake ni madogo ya mviringo. Kichwa cha mondo ni kidogo, na masikio yake ndiyo yaonekanayo kwanza. Basi mtu akisema, "Niliona mnyama mweusi mkubwa," aulizwe mara moja, "Mkia wake ulikuwaje?" Akijibu kwamba hakuutazama, pengine ni mtu mkweli kuliko yule anayejibu kila swali.

Wako na wengine wa kudanganya macho. Nyegere ni mweusi upande wa chini. Simbamangu huonekana mweusi akiwa kivulini, na hata chui wa madoadoa, jua likiwa nyuma yake, huwa kama kipande cha usiku. Tena yuko paka mweusi wa nyumbani, ambaye amewashinda watu wenye elimu nyingi. Huko Cornwall, Uingereza, watu walisema kwa miaka mingi kwamba mnyama mkubwa mweusi anaua kondoo katika mbuga ya Bodmin. Kelele zilizidi hata Wizara ya Kilimo ikafanya uchunguzi katika mwaka wa 1995. Wachunguzi walikwenda mahali palipopigwa picha za mnyama huyo wakiwa na fimbo ya kupimia, wakaisimamisha palepale aliposimama yeye. Wanyama wengine waliotisha nchi nzima wakaonekana kuwa na kimo cha paka wa jikoni. Wizara ikasema haikupata ushahidi wa hakika.

Siku chache baadaye kijana mmoja akaokota fuvu katika mto Fowey, na watu wakashangilia. Fuvu likapelekwa kwenye jumba la makumbusho la Natural History huko London. Wataalamu wakakubali kwamba ni la chui kweli. Ila ndani yake walikuta yai la mende wa nchi za joto, asiyeishi Uingereza, na mifupa ilikuwa na alama za kisu. Lilikuwa limetoka katika ngozi ya chui iliyotandikwa nyumbani kama zulia, na kuletwa kutoka ng'ambo. Jinsi lilivyofika mtoni ni mzaha wa mtu.

Hapa kwetu tunayo hadithi ya namna hiyo. Katika mwaka wa 1931 mkulima mmoja Mzungu alipiga risasi simba wawili wadogo wenye madoa katika milima ya Nyandarua, na ngozi zao zikazusha maneno kwamba milimani kuna taifa la simba wasiojulikana. Kenneth Gandar Dower akaja kutoka Uingereza akawatafuta kwa miezi mingi, akatoa kitabu juu yao katika mwaka wa 1937. Lakini simba mwenyewe hakumwona. Watoto wa simba huzaliwa na madoa, na wengine hukaa nayo hata ukubwani, kwa hiyo wataalamu wengi huona kwamba hakuna haja ya taifa jipya.

Basi mkulima afanyeje? Aende kutazama chini. Unyayo wa jamii ya paka una vidole vinne, wala hauna alama za kucha, kwa sababu paka huzificha kucha zake anapotembea. Mbwa na fisi huacha alama za kucha. (Duma naye huziacha, ingawa ni wa jamii ya paka.) Unyayo wa chui una upana wa inchi 3 hivi, wa mondo haufiki inchi 2, na wa paka wa nyumbani ni kama inchi 1. Weka kibiriti kando ya unyayo, kisha upige picha kwa simu ukiwa wima juu yake. Mvua ikitisha, ufunike kwa karai mpaka askari wa wanyama afike.

Mzoga nao husema. Chui huuma koo, na huweza kumpandisha mbuzi mzima juu ya mti. Mbwa hurarua miguu ya nyuma na ubavu, huwajeruhi wengi, na mara nyingi huacha nyama bila kuila. Fisi huvunja mifupa na kuimeza. Mondo hana nguvu za kumwua mbuzi mkubwa. Chakula chake ni panya, ndege na vyura, ingawa kuku humjaribu pengine.

Haya si maneno ya kupitisha wakati. Chini ya sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, mwenye mifugo iliyouawa na chui anaweza kudai fidia kupitia kamati ya kaunti yake, na chui ametajwa katika orodha ya wanyama hao. Mondo hamo. Mbwa wa jirani hamo. Mtu aliyeuzika mzoga na kuzifagia nyayo, kisha akaenda ofisini na neno "paka mweusi", atarudi mikono mitupu. Na hata mwenye ushahidi kamili huenda akangoja sana malipo yake. Yafaa basi mzoga uachwe ulipo, picha zichukuliwe, na ofisi ya KWS ipewe habari siku ile ile.

Wako wanaochagua njia fupi, wakaupaka mzoga dawa ya wadudu. Kumwua chui ni kosa kubwa mbele ya sheria. Lakini hata tukiweka sheria kando, sumu haichagui. Watakaokula kwanza ni mbwa wa mwenye boma, na tai, na mbweha. Na ikiwa yule mweusi alikuwa mondo, basi mwenye shamba la ngano au mahindi amejiulia mlinzi wake, na panya watafurahi.

Ama kuhusu boma, fito za kuzunguka peke yake hazimzuii chui, kwa kuwa anajua kupanda. Akiingia ndani ambamo mbuzi hawana pa kukimbilia, huweza kuua kadhaa kwa usiku mmoja. Zizi la mbuzi na la ndama linataka paa la waya au la mabati, na mlango usioacha nafasi ya kichwa kupenya. Na taa zinazowaka na kuzimika zimewasaidia wengi wanaopakana na hifadhi. Mbwa naye alale ndani ya banda lililofungwa, maana chui anayepita karibu na nyumba za watu, awe mweusi au wa madoadoa, mara nyingi humfuata mbwa.